Wasukuma na Wahindi wa Nyamagana: Pengo la mitaji lilianzia kwenye mizani ya pamba

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SWALI la nani anashika uchumi wa Mwanza si geni kwa wakazi wa wilaya ya Nyamagana. Huulizwa vijiweni Mabatini na Igogo, kwenye meza za wamachinga na ndani ya daladala ziendazo Igoma na Buhongwa. Kwa nini maduka ya jumla, maghala na viwanda vya katikati ya jiji vilikuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Watanzania wenye asili ya Asia, ilhali Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote mkoani na nchini, wamebaki zaidi katika kilimo, ufugaji, uvuvi na biashara ndogondogo?

Majibu mawili ndiyo husikika zaidi. La kwanza ni kwamba Mhindi huzaliwa na biashara na Msukuma huzaliwa na jembe na ng'ombe. La pili ni kwamba mmoja alimwibia mwenzake. Historia ya mji huu inaonyesha kuwa majibu yote mawili hayatoshi. Pengo lililopo lilijengwa kwa sheria, kwa mikopo na kwa shule. Liliwahi kuanza kuzibwa na wakulima wenyewe, kabla ya juhudi hizo kuvunjwa.

Suala hili lina uzito kwa sababu jibu ndilo linaloamua tiba. Anayeamini tatizo ni rangi ya mwenye duka atadai mwenye duka aondoke. Anayeona tatizo ni mtaji atadai mtaji.

Jamii zenye sura nyingi

Kabla ya kulinganisha, ni vyema kutambua kwamba wanaoitwa Wahindi si kundi moja. Katika Mwanza wamekuwapo Wahindu, Waismailia, Waithnasheri, Mabohora, Singasinga na Wagoa. Wengi wa wazee wao walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, na kila jumuiya ilikuwa na nyumba yake ya ibada na taratibu zake za kusaidiana. Wapo waliokuja kama wafanyabiashara, na wapo waliokuja kama mafundi, makarani na wafanyakazi wa reli. Si kila mmoja alikuwa tajiri. Wengi walikuwa wauzaji wa rejareja waliolala nyuma ya maduka yao.

Wasukuma nao hawakuwa watu wasio na mali. Utajiri wao ulihesabiwa kwa ng'ombe, ambao walikuwa benki, mahari na bima dhidi ya njaa kwa wakati mmoja. Walikuwa pia na utamaduni imara wa kufanya kazi kwa pamoja. Vijana wa kijiji walilima mashamba kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na utaratibu huo ulikuja kuwa nguzo ya vyama vya ushirika.

Tofauti ilikuwa katika aina ya mali. Ng'ombe angeweza kulisha ukoo, lakini hakuna benki ya kikoloni iliyompokea kuwa dhamana ya kununulia mashine ya kuchambua pamba.

Ziwa, reli na pamba

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za mvuke ziliiunganisha Mwanza na bandari ya Mombasa kwa njia ya ziwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walifuata njia hiyo. Aliyejulikana zaidi alikuwa Allidina Visram, aliyekuwa na matawi ya biashara kuzunguka Ziwa Victoria, Mwanza ikiwamo, kabla ya kufariki dunia mwaka 1916. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na mji ukapata njia ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam.

Wenye maduka hao walifanya kazi muhimu. Walifikisha chumvi, kaniki, majembe na mafuta ya taa vijijini, na walinunua ngozi, karanga, samli na pamba. Mwenye duka mdogo wa kijijini alipewa bidhaa kwa mkopo na mwenye duka kubwa wa mjini, naye wa mjini alikopeshwa na kampuni ya pwani. Mnyororo huo wa mkopo ulifika hadi Bombay, na ulishikiliwa na udugu na uaminifu wa jumuiya.

Pamba ilipokuwa zao kuu la Usukuma baada ya Vita Kuu ya Kwanza, viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa zaidi mikononi mwa Waasia. Serikali ya kikoloni ilitoa leseni za viwanda na za vituo vya kununulia, na bila leseni hapakuwa na biashara. Hivyo mkulima alipaswa kuuza pamba yake mahali palipowekwa na serikali, kwa mnunuzi mwenye leseni, juu ya mizani ya mnunuzi huyo.

Sheria iliyofunga mlango wa mkopo

Wengi hudhani kwamba Mwafrika wa wakati huo alishindwa biashara kwa kukosa ujuzi. Kinachosahaulika ni sheria. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza katika Tanganyika ilitunga Sheria ya Kuzuia Mikopo kwa Wenyeji, ambayo ilirudiwa na kukazwa mwaka 1931. Kwa sheria hiyo, mtu asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai deni lake mahakamani, isipokuwa mkopo huo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali.

Lengo lililotajwa lilikuwa kumlinda Mwafrika asinaswe na madeni. Matokeo yake yalikuwa mengine kabisa. Mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumpa Mwafrika bidhaa kwa mkopo, kwa kuwa sheria isingemsaidia kulipwa. Benki nazo hazikuwa na sababu ya kumfungulia mlango. Mwafrika aliyetaka kufungua duka Mwanza alilazimika kununua mzigo kwa fedha taslimu, akishindana na jirani aliyepewa mzigo leo na kulipa baada ya msimu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliongeza ugumu. Ilitambua kwamba wenyeji wanatumia ardhi kwa mila, lakini haki hiyo haikuwa na hati ya kuweka rehani. Viwanja vya mjini vyenye hati vilipatikana katika maeneo ya biashara, ambako walioweza kulipia na kujenga kwa masharti yaliyowekwa walikuwa Wazungu na Waasia. Ndivyo mji ulivyogawanyika katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Jumuiya za Kiasia, kwa upande wao, ziliendelea kujenga vyombo vya fedha vya kwao. Katikati ya miaka ya 1940, kwa mfano, Waismailia wa Afrika Mashariki walianzisha Diamond Jubilee Investment Trust, kampuni iliyokusanya akiba na kutoa mikopo ya biashara na nyumba. Mtoto aliyezaliwa ndani ya jumuiya ya namna hiyo alirithi mahali pa kukopa hata kabla ya kurithi duka.

Shule za rangi tatu

Elimu nayo iligawanywa kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na mitaala, ada na ruzuku yake. Jumuiya za Kiasia zilichangishana kujenga shule mijini na serikali ikazipa ruzuku. Watoto wao walisoma Kiingereza na hesabu za biashara wakiwa hatua chache kutoka nyumbani.

Mtoto wa Kisukuma alitegemea shule ya misheni au ya serikali ya mtaa, ambayo mara nyingi iliishia darasa la nne. Wachache sana walifika shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 na kupokea kwanza watoto wa machifu. Wasichana walikuwa wachache zaidi.

Pengo hilo lilionekana pia katika uwakilishi. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, Waasia walipewa wajumbe wawili na Waafrika hawakupata hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, mmoja wao akiwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Mwaka 1955 viti visivyo vya serikali viligawanywa sawa, kumi kwa kila rangi, ingawa sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Waasia takriban 76,000 na Wazungu takriban 20,000 katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu.

Kwa hiyo Waasia walikuwa ngazi ya kati. Walibaguliwa na Wazungu katika mishahara, hospitali na vilabu, lakini walipewa nafasi ambazo Mwafrika alinyimwa. Hasira za mkulima hazikumfikia gavana. Zilimfikia mtu aliyesimama mbele yake na mizani.

Wakulima walipoamua kupima wenyewe

Malalamiko makubwa ya wakulima wa Usukuma mwishoni mwa miaka ya 1940 yalihusu mizani. Walisema wanunuzi walipunguza uzito na kushusha daraja la pamba. Serikali ilikuwa na wakaguzi, lakini hawakutosha.

Hapo ndipo alipojitokeza kijana Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925, na mwaka 1947 akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake walipita vijijini kuwaunganisha wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vya wakulima viliweka wapimaji wao, ambao walipima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Mkulima alijua uzito wa mzigo wake kabla ya kuufikisha kwenye mizani ya mwingine.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lilibadilisha uhusiano wote. Kutoka kupima, wakulima walihamia kukusanya. Kutoka kukusanya walihamia kuuza kwa pamoja. Mwaka 1955 ulizaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, maarufu kwa kifupi cha VFCU, Bomani akiwa meneja mkuu. Kufikia mwaka 1959 muungano huo wenye vyama vya msingi zaidi ya 300 ulikuwa ukishughulikia pamba yote ya Jimbo la Ziwa, na ulikuwa umeanza kumiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Hawakupewa mtaji na mtu. Waliutengeneza kwa makato madogo ya kila kilo, yaliyokusanywa kwa maelfu ya wakulima. Mkulima mmoja hakukopesheka. Wakulima laki moja walikopesheka.

Mafanikio hayo yanajibu hoja kwamba Msukuma hana asili ya biashara. Yanafanana na ya Wachagga, ambao walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925 na kuunda KNCU mwaka 1933. Kilimanjaro ilitangulia kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu ya tofauti inayoonekana hadi leo kati ya mikoa hiyo ilianzia hapo.

Siasa ya rangi yakataliwa

Ushirika na siasa vilikwenda pamoja. Serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU katika Jimbo la Ziwa mwaka 1954 na haikuyaruhusu tena hadi mwaka 1958. Mwaka huo huo ilijaribu kuanzisha Geita halmashauri ya rangi zote. Wananchi waliipinga, kwa kuwa Wazungu na Waasia wa Geita walikuwa wachache mno kustahili viti walivyotengewa. Walioandamana hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao walitawanywa na polisi.

Hata hivyo, upinzani huo haukugeuka kuwa vita dhidi ya Waasia. TANU ilikubali katika mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Oktoba 1961 Mwalimu Julius Nyerere alisimama bungeni kupinga waliotaka uraia utolewe kwa rangi, na akaweka uongozi wake rehani kwa ajili ya msimamo huo. Januari 1962 mfumo wa shule za rangi tatu ulifutwa.

Mwanza ilitoa mfano wa aina yake. Bomani aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Mwaka 1965 alimpisha Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Mmoja alilelewa na ushirika wa wakulima na mwingine na jumuiya ya wafanyabiashara. Wote wawili walitunza hazina ya nchi moja.

Miaka ambayo pande zote zilipoteza

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki na kampuni kubwa za biashara zilitaifishwa. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyatumia yote kwa makazi yao. Majengo hayo, mengi yakiwa ya Waasia, yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Familia nyingi ziliondoka kwenda Uingereza, Canada na kwingineko.

Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa kuwapa siku 90. Maduka yalipogawiwa kwa wapambe wa utawala, mengi yalifilisika, na baadaye serikali ya Yoweri Museveni ilirejesha mali za waliofukuzwa. Funzo lilikuwa wazi kwa nchi jirani. Duka linaweza kunyang'anywa kwa siku moja, lakini mkopo, wateja na uzoefu havinyang'anywi pamoja nalo.

Tanzania haikumfukuza mtu kwa rangi. Lakini hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halisemwi sana katika mijadala ya Mhindi na Msukuma. Chombo kikuu cha mtaji wa Wasukuma hakikuvunjwa na Wahindi. Kilivunjwa na serikali.

Baada ya uchunguzi wa mwaka 1966 uliobaini udhaifu katika uendeshaji wa vyama vya ushirika, VFCU iliunganishwa na kuwa Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba Tanzania. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima. Nyanza ilifufuliwa mwaka 1984, lakini wakulima walikuwa wamekwisha kupoteza jambo muhimu kuliko majengo, yaani imani kwamba chama ni chao.

Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi uliwakumba wenye maduka wa kila asili. Kwa muda, rafu zilikuwa tupu Uhindini na Uswahilini sawia.

Soko huria, pamba na sangara

Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa kampuni binafsi. Mkulima alifurahia kulipwa fedha mkononi badala ya kusubiri miezi kadhaa. Nyanza, ikiwa na madeni, haikuweza kushindana. Kampuni nyingi zilizoingia zilikuwa na mtaji wa familia au mikopo ya benki, na baadhi zilikuwa za Watanzania wenye asili ya Asia. Wenye dhamana, hati na uzoefu wa kukopa walirudi mbele kwa haraka.

Msimu wa 2005/06 uzalishaji ulivunja rekodi kwa kufikia takriban tani 376,000 za pamba mbegu. Hata hivyo, wingi wa pamba haukumpa mkulima nguvu ya bei. Mwenye fedha taslimu siku ya mavuno ndiye aliyebaki na mizani. Mwaka 2018 serikali iliamua pamba ipitie tena vyama vya msingi vya ushirika, maarufu kama AMCOS, ishara kwamba swali la mwaka 1950 bado halijajibiwa kikamilifu.

Ziwani hadithi ilijirudia. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilijengwa viwanda vya kusindika minofu ya sangara kwa ajili ya soko la Ulaya, na wawekezaji wengi walikuwa wa asili ya Asia. Kiwanda kinahitaji mitambo ya baridi, vyeti vya ubora na uwezo wa kustahimili misukosuko, kama ile ya kati ya mwaka 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. Mvuvi mdogo asingeweza kubeba gharama hizo.

Mnyororo wa sangara unafanana na ule wa pamba wa miaka ya 1930. Kiwanda humkopesha wakala, wakala humkopesha mwenye mitumbwi, na mwenye mitumbwi humpa baharia nyavu na chakula. Kila mwenye deni huuza kwa anayemdai, kwa bei ya anayemdai. Wakazi wengi wa kipato cha chini walibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyotoka viwandani.

Lakini ndani ya mnyororo huo mawakala na wenye mitumbwi ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita na wengine, na kati yao wapo waliotajirika. Samaki walipopungua baadhi ya viwanda vilifungwa, na hasara ikamgusa mwenye kiwanda na mpakuaji kwa pamoja. Hapa mstari wa deni una nguvu kuliko mstari wa kabila.

Uzawa au uwezeshaji?

Mjadala wa uzawa ulipamba moto mwaka 1993. Mchungaji Christopher Mtikila alihutubia mikutano Dar es Salaam akiwashambulia Waasia kwa jina la magabacholi, na ghasia zikafuata. Iddi Simba, mfanyabiashara aliyekuja kuwa waziri, alikuwa miongoni mwa waliotetea hoja ya kuwapa wazawa nafasi katika uchumi kwa njia ya sera.

Serikali ilichagua neno jingine. Sheria ya Taifa ya Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi ya mwaka 2004 inazungumzia wananchi, haizungumzii rangi. Mwaka 2006 ulianza mpango uliopewa jina la mitaani la Mabilioni ya JK, kila mkoa ukitengewa shilingi bilioni moja za mikopo. Baadaye halmashauri zilitakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na udhaifu katika utoaji na urejeshaji, na kurejeshwa mwaka 2024.

Ukilinganisha mikopo hiyo na vyombo vya jumuiya za Kiasia vya miaka ya 1940, tofauti inaonekana upesi. Ile ilikuwa akiba ya wanachama, ilisimamiwa na watu wanaofahamiana, na aliyekwepa deni alipoteza heshima yake mbele ya jumuiya nzima. Mkopo wa serikali mara nyingi huonekana kama fungu la siasa, lisilo la mtu. VFCU ilifaulu kwa sababu ilifanana zaidi na mfumo wa kwanza.

Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa, SACCOS na VICOBA, vinastahili kutazamwa kwa uzito kuliko inavyofanyika. Kina mama wauza dagaa na mbogamboga wanaochangishana kila wiki wanatumia kanuni ile ile iliyomwezesha mwenye duka wa Kihindi kupata mzigo bila fedha taslimu: deni linalolindwa na uaminifu.

Ardhi nayo ina nafasi yake. Sehemu kubwa ya nyumba zilizopanda juu ya mawe ya vilima vya Nyamagana zilijengwa bila viwanja vilivyopimwa. Katika miaka ya 2010 Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji iliyoendesha urasimishaji wa makazi, na maelfu ya wenye nyumba walianza kupata hati. Kwa familia nyingi hiyo ilikuwa hati ya kwanza tangu babu yao alipohamia mjini. Familia ya Uhindini ilikuwa nayo tangu enzi za mkoloni.

Kipimo kinachokosekana

Kuna jambo moja linalofanya ulinganisho wa leo kuwa mgumu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuhesabu watu kwa kabila na asili. Tangu hapo, ikiwamo sensa ya mwaka 2022 iliyohesabu wakazi milioni 3.7 katika mkoa wa Mwanza, swali hilo halikuulizwa tena. Uamuzi huo umesaidia kujenga taifa, lakini umefanya madai kuhusu utajiri wa jamii hii au ile yategemee zaidi macho ya mpita njia kuliko hesabu.

Na macho ya mpita njia hudanganya. Yanaona ghorofa la mwenye kiwanda mmoja, hayaoni muuza duka wa Kihindi anayehangaika na kodi ya pango, wala mzee aliyebaki peke yake baada ya wanawe kuhamia Toronto. Yanamwona mkokota mkokoteni wa Kisukuma, hayamwoni mwenzake anayeagiza makontena, wala mfugaji mwenye mifugo ya thamani kuliko duka zima.

Ukaribu wa kijamii bado ni mdogo. Ndoa kati ya jamii hizi mbili ni chache, na mikutano yao mingi hufanyika kaunta, mmoja akiuza na mwingine akinunua, au mmoja akiajiri na mwingine akiajiriwa. Ukimya huo ndio unaotoa nafasi kwa kila upande kumwelezea mwenzake kwa kejeli: huyu mvivu, yule mwizi.

Kumbukumbu za Mwanza zinasema vingine. Kwa muda mfupi katika miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma aliyenyimwa mkopo, hati na shule aliweza kuchukua biashara nzima ya pamba bila kuchoma duka la mtu. Alianza kwa kujua uzito wa mzigo wake mwenyewe. Wapanga sera wa leo, wanaohangaikia vijana wa Mkolani, Butimba na Mirongo wasio na dhamana, hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wanapaswa tu kuhakikisha kwamba safari hii chombo hicho, kikishajengwa, hakitanyang'anywa wenyewe.